Saa sita mchana ndani ya chumba cha giza

Mpiga picha wa harusi wa Dar es Salaam anaijua saa ya kuikimbia. Kuanzia kama saa tano na nusu hadi saa nane jua limesimama utosini. Ukimpiga picha bwana harusi uwanjani saa hiyo, paji la uso linawaka, pua inatupa kivuli mdomoni, na mahali pa macho panabaki mashimo mawili meusi. Ndugu wakiletewa albamu watauliza mbona kijana wao anafanana na mtu aliyekesha hospitali. Basi mpiga picha anawavuta maharusi chini ya mwembe, au anamwambia msaidizi ainue ubao mweupe urudishe mwanga usoni, au anawaambia watu waende wakale kwanza, picha saa kumi.

Mwaka 1971, mjini New York, mpiga picha mmoja wa sinema aliikimbilia saa hiyohiyo. Aliichukua saa sita ya mchana akaiingiza ndani ya chumba kilichofungwa mapazia, akaining'iniza darini juu ya kichwa cha mwigizaji maarufu kuliko wote waliokuwapo kwenye seti, na akaacha macho ya mtu huyo yapotee. Mpiga picha ni Gordon Willis. Mwigizaji ni Marlon Brando. Filamu ni The Godfather, iliyoongozwa na Francis Ford Coppola na kutolewa na kampuni ya Paramount Machi 1972. Na kwa bahati, nayo inaanza na harusi.

Uchambuzi huu ni wa chumba kimoja: ofisi ya Don Vito Corleone, mkuu wa familia ya wahalifu anayeigizwa na Brando, hasa katika nusu saa ya mwanzo, siku anayomwoza binti yake Connie. Nje watu wanacheza. Ndani, wenye shida wanaingia mmoja mmoja. Wengi wanaoiandika sehemu hii husema kwamba giza la ofisi ile ni giza la uovu, na mwanga wa nje ni mwanga wa familia na usafi. Nimeitazama filamu hii mara nyingi kuliko inavyofaa kukiri, na maelezo hayo hayajawahi kuniingia. Ninavyoiona mimi, mwanga katika chumba kile unagawa haki ya kujua: nani anaruhusiwa kuona nini, na nani anabaki kubahatisha.

Tuanze pale filamu inapoanza. Skrini nyeusi. Sauti ya mwanamume inasema anaiamini Amerika. Halafu uso unajitokeza kwenye weusi: upara, masharubu, suti nyeusi iliyomezwa na giza la nyuma kiasi kwamba kichwa kinaonekana kama kimewekwa juu ya hewa. Huyu ni Bonasera, mzika wafu. Anasimulia jinsi vijana wawili walivyompiga na kumharibu uso binti yake, na jinsi hakimu alivyowapa adhabu ya kuahirishwa wakatoka mahakamani siku ileile. Lenzi inarudi nyuma polepole, kwa karibu dakika tatu, kwa mtambo uliopangiwa mwendo wake. Hakuna kukata. Hakuna uso wa pili.

Katika dakika hizo hatujui anamwambia nani. Anapozidiwa na machozi, mkono unainuka upande wa mbele wa fremu, mweusi, ukionyesha ishara fupi, na kinywaji kinaletwa. Kisha bega, kisha kisogo. Mwenye nyumba anaingia kwenye filamu yake kama kivuli, mgongo kwetu. Tumekwisha kujua siri yote ya Bonasera, hadi aibu ya kulia mbele ya watu, kabla hatujauona hata uso wa anayemsikiliza. Mwombaji amewekwa wazi, anayeombwa amefichwa. Yeyote aliyewahi kwenda kuomba kazi au mkopo kwa mtu mzito, akakaa upande wa dirisha huku mwenyewe akikaa kwa kulipa mgongo dirisha, anaijua hesabu ya mpango huo.

Picha inapogeuka hatimaye, tunamwona Vito. Suti nyeusi ya sherehe, shati jeupe, ua jekundu kifuani, paka mapajani. Na juu ya pua, mahali pa macho, kivuli.

Chanzo cha kivuli kile hakikuwa falsafa. Kilikuwa mekapu. Brando alikuwa na miaka 47, na alitakiwa awe mzee aliyejaa mashavuni. Mtaalamu wa mekapu, Dick Smith, alimzeesha ngozi kwa tabaka za mpira laini na akamtengenezea kifaa cha kuvaa mdomoni ili taya zijae na kushuka. Kazi ya namna hiyo, ukiipiga taa kutoka mbele, inajisema: unaona kingo, unaona mng'ao usio wa ngozi. Willis alieleza baadaye kwamba alianza na Brando, akatafuta mwanga utakaoibeba sura ile, na akaupata juu. Mwanga ukishuka kutoka darini, mashavu yaliyojazwa yanatupa kivuli chake yenyewe na kuonekana mazito, mikunjo inachimbika, nyusi zinakuwa kama kipaa cha nyumba. Kisha, kwa kuwa hangeweza kumpa mtu mmoja mwanga wake na wengine mwanga mwingine ndani ya chumba kimoja, akaueneza kwa wote, na hatimaye kwa sehemu kubwa ya filamu.

Napenda sana kwamba lilianza hivi. Tunapenda kuamini kwamba wasanii wakubwa huanza na maana kisha wanatafuta namna ya kuionyesha. Mara nyingi ni kinyume: kuna tatizo la ufundi, fundi mwenye akili analitatua, halafu anatazama alichopata na kugundua kwamba kinasema kitu. Tofauti ya Willis na mafundi wengine wazuri ni kwamba alipogundua anachosema, hakukirekebisha.

Maana kurekebisha ndiko kulikokuwa desturi. Kwa miongo mingi studio za Hollywood ziliwamulika watu kwa taa tatu: taa kuu mbele kwa pembeni, taa ya kujazia upande wa pili ili kivuli kisizidi, na taa ya nyuma ya kuutenga mwili na ukuta. Juu ya hizo mara nyingi kulikuwa na taa ndogo ya nne karibu na lenzi, kazi yake moja tu: kuweka nukta ya mwanga ndani ya jicho. Nyota analipwa kwa macho yake, na mtazamaji amelipa kuyaona, ndivyo ilivyohesabiwa. Hata filamu za uhalifu za miaka ya 1940, zile zenye vivuli vya mapazia ukutani na barabara zilizolowa mvua, zilifika kwenye uso wa nyota na kumwekea nukta yake.

Willis aliing'oa. Kuna nyakati, alisema, hawakutaka mtazamaji aone kinachoendelea ndani ya mtu yule, halafu ghafla wakamruhusu aone kidogo. Hayo ni maneno ya mtu anayejua kwamba macho ni mlango, na mlango una mwenyewe.

Kifaa chenyewe kilikuwa cha kawaida kabisa. Balbu kadhaa zinatundikwa darini ndani ya fremu kama sanduku, chini yake kinatandazwa kitambaa cheupe cha pamba ili mwanga ushuke umelainika, na pembeni kinaning'inizwa kitambaa cheusi kama sketi ili mwanga usimwagike kutani. Mafundi wa taa wa Marekani wana sanduku la jamii hiyo wanaloliita banda la kuku, na ukiliona utakubali. Zile sketi nyeusi ndizo zinazofanya kazi ambayo watu hawaioni. Bila hizo, mwanga laini unatapakaa kila mahali: kuta za mbao zinang'aa, rafu za vitabu zinasomeka, na chumba kinageuka sebule. Ukiufungia mwanga njia, unaanguka mezani, mabegani na juu ya vichwa, na kuta zinarudi nyuma gizani. Chumba kinapoteza ukubwa wake. Ofisi ile ilikuwa seti iliyojengwa studioni, East Harlem, mjini New York, na kazi ya mbunifu Dean Tavoularis ilikuwa kubwa, lakini mwambie mtu aliyeitazama mara kumi akuchoree kuta zake. Atachora meza, kiti, dirisha lenye mapazia ya vibanzi, basi.

Hapa kuna jambo la kitendawili. Chumba kile hakikuwa na giza kwa waliokuwa ndani yake. Mkanda wa rangi uliotiwa ndani ya kamera wakati ule, Eastman 5254, ulikuwa na wepesi wa ASA 100 tu, kipimo cha jinsi mkanda unavyoupokea mwanga: namba ikiwa ndogo, taa zinahitajika nyingi. Kamera nyingi za sinema za leo huanzia 800. Kwa wepesi wa 100 ilihitajika taa nyingi hata kupata picha hafifu, kwa hiyo mtu aliyesimama kwenye seti angeweza kusoma gazeti bila taabu. Giza lilitengenezwa kwa uwiano, kwa kumpa sehemu moja ya fremu mwanga na kuinyima nyingine, na kwa kuupa mkanda mwanga pungufu ya kipimo chake.

Hilo la kupunguza mwanga lina kisa chake. Willis aliuminyia mkanda mwanga, akapata negativi nyembamba (negativi ndio mkanda wa asili unaotolewa nakala), isiyo na akiba kwenye vivuli. Negativi nono, iliyolishwa mwanga wa kutosha, humpa mtu wa maabara uhuru: akitaka kuing'arisha picha, anaing'arisha. Negativi nyembamba haimpi kitu. Mahali ambapo mwanga haukuandika, hakuna cha kusoma, na ukilazimisha, weusi unageuka kijivu chenye punjepunje. Kwa maneno mengine, mpiga picha aliufunga uamuzi wake ndani ya negativi na kuutupa ufunguo. Mkuu yeyote wa studio ambaye angesema "tuongezeeni mwanga kidogo pale kwa mzee" angejibiwa kwamba hakuna mwanga wa kuongeza. Na wakuu wa studio walilalamika kweli. Kumwekea nyota kama Brando kivuli machoni kulionekana kwao kama kuficha mali ya duka.

Nami niliwahi kushuhudia mtu akijaribu kuufungua mlango huo. Mara ya kwanza kuitazama filamu hii ilikuwa kwenye kibanda umiza, mkanda umenakiliwa kutoka mkanda ulionakiliwa, na kila mtu aliyechelewa alifunua pazia la mlangoni na kutuletea jua lote la barabarani. Bonasera alipoanza kusema, watu wakapiga miluzi kwamba mkanda mbovu. Mwenye kibanda akaamka, akaongeza mwangaza wa televisheni hadi mwisho. Tukaona rafu. Tukaona kuta. Tukaona Don ameketi katika wingu la rangi ya majivu kama mjomba aliyesahauliwa kwenye picha ya zamani, na hatukumwogopa hata kidogo. Miaka mingi baadaye, nilipoiona katika nakala nzuri, nilielewa kwamba siku ile nilikuwa nimeitazama filamu nyingine.

Sasa tutoke nje, kwenye harusi. Sehemu ile ilipigwa Staten Island, New York, kwenye bustani ya nyumba halisi, na Willis aliiacha izidi mwanga kidogo, ili rangi zikaribie zile za picha za familia za miaka ya 1940. Meza nyeupe, gauni, mvinyo, watoto miguuni mwa watu. Coppola na mhariri wake wanatupeleka ndani na nje, ndani na nje, bila kutuandaa. Jicho halipati muda wa kuzoea. Ukitoka ofisini unapigwa na mwanga kama mtu aliyetoka kwenye stoo saa saba mchana, na ukirudi ndani unatumia nusu sekunde kutafuta nani yuko wapi. Katika nusu sekunde hiyo mwenye chumba ameshakuona.

Weusi wa ofisi unategemea kabisa weupe wa bustani. Huu ni ufundi ambao waigaji wengi wameukosa, nitaurudia baadaye. Lakini angalia kwanza nani yuko wapi. Bibi harusi yuko nje. Mama yuko nje. Wageni, watoto, wapiga muziki, hata watu wa FBI wanaoandika namba za magari, wote wako kwenye mwanga. Wanaona kila kitu kinachoonekana na hawajui lolote. Michael, mtoto wa kiume wa mwisho wa Vito, anafika na sare yake ya jeshi, na rafiki yake wa kike Kay, na wanakaa mezani kwenye jua. Kay anauliza maswali kama mtoto: yule mtu wa kutisha ni nani? Mwanamuziki yule anaijuaje familia yako? Michael anamjibu, waziwazi, mchana kweupe, hadi kwenye habari ya bastola iliyowekwa kichwani mwa mtu ili asaini karatasi. Ni mmoja wa watoto wa Vito anayeijua siri ya chumbani na anaitoa nje juani. Wakati huo bado yuko upande wa nje, na kwa hiyo bado anaweza kusema.

Ndiyo maana nasema giza hili halimaanishi uovu. Hesabu mauaji. Kichwa cha farasi kinapatikana kitandani mwa mtayarishaji wa sinema alfajiri, kukipambazuka. Paulie, dereva aliyemsaliti Vito, anapigwa risasi garini mchana, kando ya matete. Sonny, mtoto mkubwa wa Vito, anasagwa kwa risasi kwenye kituo cha ushuru, mchana, hakuna kivuli cha kujificha. Apollonia, mke wa kwanza wa Michael, analipuka na gari kwenye jua la Sicily. Katika mfululizo wa mauaji wakati wa ubatizo, Barzini, mkuu wa familia hasimu, anaangushwa kwenye ngazi za mahakama mbele ya mji mzima. Kama giza lingekuwa la uovu, filamu hii ingekuwa imepigwa kinyumenyume. Damu inamwagika kwenye mwanga. Gizani panafanyika mambo ya adabu: mtu anaombwa samahani, mtu anabusu mkono, mzee anamkaripia mzika wafu kwamba hajawahi hata kumwalika kunywa kahawa, ingawa mke wa Vito ndiye mama wa ubatizo wa binti yake. Ofisini kupaza sauti ni nadra. Kuna uamuzi tu, na uamuzi ndicho kitu pekee ambacho filamu inakificha.

Na hili linatupa sababu ya macho. Bonasera anapoomba kifo na kunyimwa, kisha anapoombwa urafiki badala ya pesa, anamtazama Vito akitafuta alama yoyote ya kumwongoza. Nasi tunatafuta pamoja naye. Je, mzee amekasirika? Anacheza? Ameshaamua? Katika filamu nyingine yoyote ya miaka ile, jicho lingetuambia kabla ya Bonasera, tungekaa pale juu tukijua zaidi ya mwombaji. Hapa tumeshushwa hadi kwenye kiti chake. Tunasoma alichobakiwa nacho mwombaji: mkono unaomkuna paka, kichwa kinachoinama kidogo, sauti. Vito anapata heshima yetu kwa njia ileile anayoipata kwa Bonasera, kwa kutotuonyesha. Hatimaye Bonasera anainama, anamwita Baba wa Ubatizo, anabusu mkono, na mkono unamshika begani kumsindikiza mlangoni. Ametoka na deni asilolijua ukubwa wake.

Kulikuwa na gharama. Mwanga uliofungiwa sketi unakuwa kama dimbwi: mwigizaji akikosea hatua mbili, hayupo. Coppola, wakati huo mwongozaji wa miaka 32 aliyeogopa kufukuzwa kazi, alitaka waigizaji wawe huru, wasogee wanavyosikia. Willis alitaka wasimame pale palipochorwa sakafuni. Waligombana mbele ya watu, kwa sauti, na wote wawili walilisimulia hilo baadaye bila kuficha. Mimi namwelewa kila mmoja. Lakini ukimtazama Brando ofisini, namna anavyoinuka polepole, anavyochukua muda kugeuka, unapata hisia kwamba ule ufinyu wa mwanga ulimsaidia. Mzee mwenye mamlaka hazunguki chumbani. Dunia inamzunguka yeye.

Willis alipewa na mwenzake Conrad Hall jina la Mwanamfalme wa Giza, na tangu hapo kila mwenye kamera anataka ufalme huo. Hapa ndipo narudi kwenye waigaji. Siku hizi kuna tamthilia nzima unazitazama ukiwa umezima taa zote za nyumbani na bado unauliza nani amekufa. Watengenezaji wake watakuambia wamefuata The Godfather. Hawakuifuata. Katika fremu za ofisi ile daima kuna kitu cheupe: shati la Vito, taa ya mezani, mistari ya mchana kwenye mapazia, hata ule upara wa Bonasera. Jicho linashika pale, linajua weupe uko wapi, na hapo ndipo linaukubali weusi kuwa weusi. Ukiondoa kitu hicho, skrini nzima ikawa ya kijivu na buluu, hakuna giza tena, kuna ukungu. Na kuna rangi. Giza la Willis ni la kahawia na dhahabu, rangi ya mbao za zamani na whisky, kwa hiyo linakaribisha. Unataka kuingia. Giza la buluu linakufukuza, na mtu aliyefukuzwa hatamani kujua siri ya mwenye nyumba.

Tuzo za Oscar za mwaka ule ni habari fupi na ya aibu kidogo. The Godfather ilishinda filamu bora, mwigizaji bora na mswada bora uliotokana na kitabu. Willis hakuteuliwa hata kuwania. Aliteuliwa mara mbili tu maishani, kwa Zelig ya 1983 na sehemu ya tatu ya The Godfather ya 1990, hakushinda, na mwaka 2009 akapewa ya heshima. Alifariki mwaka 2014. Jambo lililonifurahisha zaidi ni la mwaka 2008, wakati filamu ilipofanyiwa ukarabati chini ya Robert A. Harris. Negativi ilikuwa imechakaa kwa kutolewa nakala nyingi mno, na vifaa vya kisasa vingeweza kuing'arisha kila pembe. Wakamshirikisha Willis katika ushauri. Giza likarudi lilipokuwa.

Limebaki swali la Michael. Filamu yote ni safari yake kutoka kwenye ile meza ya juani hadi kwenye kiti cha ofisini, na mwanga unaiandika safari hiyo kwa subira. Mgahawani, anapoenda kuwaua Sollozzo, mfanyabiashara wa dawa za kulevya, na kapteni wa polisi, tunapewa macho yake yote: yanahangaika kushoto na kulia huku treni ikinguruma nje, tunamsoma kama kitabu, tunajua kabla ya Sollozzo. Kisha Sicily, jua, ndoa, msiba. Anaporudi Marekani nguo zake zimekuwa nyeusi, na uso wake unaanza kugawanyika: nusu yetu, nusu yake.

Halafu siku ya mwisho. Nyumba inahamwa, masanduku yamefungwa. Connie ameingia akilia kwamba Michael amemuua mumewe. Kay, ambaye sasa ni mke, anauliza kama ni kweli. Michael anakataa kuulizwa kuhusu shughuli zake, anapiga meza, kisha analegea: mara hii moja tu, anaruhusiwa kuuliza. Anauliza. Chumba kina mwanga wa mchana kiasi, uso wa mumewe uko hatua moja mbele yake, macho anayaona. Michael anamtazama palepale na kusema hapana.

Naikubali hapa kasoro ya nadharia yangu. Nilisema macho ni mlango, na anayeyaona anajua. Kay ameyaona, na amedanganywa. Labda Michael amejifunza kitu ambacho baba yake hakukihitaji: Vito alijificha kwa kivuli, mwanawe anaweza kujificha kwenye mwanga.

Kay anatoka kwenda kumimina vinywaji, amefarijika, na nyuma yake wanaume wanaingia ofisini. Clemenza, mtu wa zamani wa baba yake, anaubusu mkono wa Michael, anamwita Don Corleone. Kay anageuka na kuona. Al Neri, mlinzi wa Michael, anakuja mlangoni. Picha ya mwisho inapigwa kutokea ndani: uso wa Kay kwa mbali, upande wenye mwanga, na ubao mweusi wa mlango ukisogea mbele yake hadi umfunike. Tuliingia kwenye filamu kupitia uso uliotoka gizani, na sasa uso unarudishwa humo. Yeye amefungiwa nje. Sisi, ambao tangu dakika ya kwanza tulikuwa tumekaa upande wa ndani tukisikiliza siri za watu, tumefungiwa ndani na Michael, na hatumwoni.